Ng'ombe Akitupa Mimba Baada ya Chanjo, Tuseme Nini?



Siku moja katika mwezi wa Januari 2025 nilitumwa kutoka ofisi yetu hapa Milimani, Kisumu, kwenda kwenye baraza la wakulima wa skimu upande wa Muhoroni. Kazi yangu haikuwa kusema. Mimi ni karani, nami nilichukua daftari la kuandika majina ya wenye ng'ombe na hesabu ya ng'ombe wao. Daktari wa mifugo, ambaye ndiye aliyekuwa aseme, alichelewa njiani kwa sababu gurudumu la pikipiki yake lilipasuka karibu na Chemelil, na watu walikuwa wamekaa chini ya mti tangu saa tatu. Zamani nilisomea ualimu, na wengi wa huko bado huniita Mwalimu. Basi wakaniambia, "Mwalimu, tuambie wewe unayoyajua, tusikae bure."

Nikaanza kueleza habari za chanjo ya ugonjwa wa midomo na miguu. Sikufika mbali. Mzee mmoja, ambaye shamba lake katika skimu amelirithi kwa baba yake, alisimama, akaweka mikono yake miwili juu ya fimbo, akaniuliza: "Mwalimu, nina ng'ombe mwenye mimba ya miezi saba. Akichomwa sindano hiyo, na kesho kutwa akatupa mimba, nani atalipa ndama wangu?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza kabisa, maana wengi walikuwa na swali lilo hilo moyoni. Nami nilinyamaza. Nilikuwa nimejifunza majibu ya maswali mengine yote, lakini si la mzee yule. Haya ninayoyaandika ni jibu ambalo ilinipasa kumpa siku ile, nami nimelitafuta tangu hapo katika vitabu na kwa madaktari wa mifugo, hata nikaona lafaa kuwafikia wengine pia.

MANENO YALIVYOANZA

Mtakumbuka ya kuwa mwisho wa mwaka 2024 Serikali ilitangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22, na mbuzi na kondoo milioni 50, katika nchi nzima. Ng'ombe walikuwa wachanjwe kwa ajili ya ugonjwa wa midomo na miguu, na mbuzi na kondoo kwa ajili ya ile sotoka yao. Kusudi lilikuwa kupunguza magonjwa, na tena kufungua masoko ya nyama katika nchi za nje, ambazo hazipendi kununua nyama ya nchi yenye magonjwa haya.

Mara maneno yakazagaa. Wengine walisema dawa hiyo imetengenezwa ili ng'ombe wasitoe hewa tumboni, kwa kuwa watu wa Ulaya wanasema hewa ya ng'ombe inaharibu majira ya dunia. Wengine walisema tajiri mmoja wa Marekani ndiye mwenye dawa. Wengine walisema ng'ombe wakichanjwa hawatazaa tena, na baadaye tutalazimishwa kununua mbegu za ng'ombe kutoka ng'ambo kama tunavyonunua mbegu za mahindi. Mpango ulikuwa umetangazwa kwa sauti kubwa kabla ya kuelezwa kwa sauti ndogo, na hilo ni kosa ambalo sisi wa ofisini tusilikwepe. Mtu akiambiwa "leta ng'ombe wako" kabla ya kuambiwa kwa nini, lazima atajitafutia sababu yeye mwenyewe. Katika Januari 2025 wakubwa wa Serikali walisema waziwazi kwamba chanjo ni ya hiari, lakini wakati huo maneno yalikuwa yamekwisha vuka mito na milima.

Habari ya hewa ya tumboni haikutoka hewani, nami sitaki kuwacheka walioiamini. Wakati ule ule, mwezi wa Novemba 2024, huko Uingereza kampuni ya maziwa ya Arla ilitangaza kwamba mashamba 30 yatajaribu unga uitwao Bovaer, ambao huchanganywa katika chakula cha ng'ombe ili kupunguza hewa hiyo. Watu wa huko nao wakapiga makelele, wengine wakamwaga maziwa. Tena, mwezi huo huo wataalamu wa Uingereza walipewa fedha za kutafuta kama inawezekana kutengeneza chanjo ya kupunguza hewa ya ng'ombe. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya utafiti tu. Bovaer ni unga wa chakula, haichomwi kwa sindano. Na chanjo ya midomo na miguu inayotumika hapa kwetu ni kitu kingine kabisa, wala si kitu kipya. Hutengenezwa Embakasi, Nairobi, na shirika la Serikali la KEVEVAPI, lililoanzishwa mwaka 1990. Baba zetu walichanja kwa chanjo ya namna hiyo kabla yangu mimi kuzaliwa.

Basi habari za tajiri na hewa tuziweke kando. Swali la mzee haliondoki pamoja nazo. Mzee hakuuliza habari za Marekani. Aliuliza habari za ng'ombe wake mmoja.

SINDANO INA NINI NDANI YAKE

Chanjo ni namna ya kuufundisha mwili wa mnyama kuujua ugonjwa kabla ugonjwa wenyewe haujafika. Ziko chanjo za namna mbili, na mkulima akijua tofauti yake atajua pia maswali ya kuuliza.

Namna ya kwanza ni ile ambayo vijidudu vyake vimeuawa. Ya midomo na miguu ni ya namna hii. Vijidudu vilivyokufa haviwezi kuleta ugonjwa. Hata hivyo ng'ombe aweza kupata homa siku moja au mbili, aweza kupunguza maziwa kwa muda huo, na mahali alipochomwa pakavimba. Mara chache sana mnyama mwili wake hukataa dawa ghafula: hutoka povu, hutetemeka, hupumua kwa shida, pengine huanguka, na hayo hutokea katika dakika chache baada ya sindano. Yuko dawa ya kumwokoa, nayo daktari apaswa kuwa nayo mkobani. Kwa sababu hiyo usikubali mchanjaji achome ng'ombe wa mwisho na kupanda pikipiki dakika ile ile. Mpe kiti, mpe chai, akae nusu saa.

Namna ya pili ni ile ambayo vijidudu vyake viko hai, lakini vimepunguzwa ukali. Chanjo ya namna hii huwa na nguvu na hudumu sana. Ile ya sotoka ya mbuzi na kondoo ni mojawapo, nayo humlinda mbuzi kwa miaka mitatu au zaidi kwa sindano moja, wala haisumbui wenye mimba. Lakini si zote zilizo pole kama hiyo. Iko chanjo ya homa ya Bonde la Ufa iitwayo ya Smithburn, kwa jina la daktari aliyeipata. Mwanzo wake ni mbu walioshikwa katika msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Kijidudu chake kilipitishwa mara nyingi katika panya hata ukali wake ukapungua. Chanjo hii imewakinga wanyama wengi sana katika Kenya na Afrika ya Kusini. Lakini ukali wake haukuisha wote. Kondoo au ng'ombe mwenye mimba akichomwa aweza kutupa mimba, au kuzaa mtoto mwenye kasoro. Hili si uvumi. Limeandikwa katika vitabu vya madaktari kwa miaka mingi, na ndiyo sababu wao husema wenye mimba wasichomwe chanjo hiyo.

Waona basi, ndugu mkulima. Mtu akikuambia, "Jirani yangu wa kule alichanja kondoo wakatupa mimba," usimwambie mara moja kwamba ni mwongo. Muulize ilikuwa chanjo gani. Pengine asema kweli kabisa, ila kweli hiyo ni ya chupa nyingine.

Hata sotoka yenyewe, ile ya ng'ombe ambayo wazee wetu wakiitaja bado hutikisa vichwa, ilifunzwa kwa njia hii ya taabu. Chanjo moja ya zamani iliyotengenezwa Kabete ilipatikana kwa kupitisha kijidudu cha sotoka katika mbuzi. Ng'ombe wetu wa kienyeji walio wengi waliivumilia. Lakini ng'ombe wa gredi, na wengine wasio na nguvu, walishikwa na homa kali, na wengine walikufa kwa chanjo yenyewe. Wenye ng'ombe walilalamika, na walikuwa na haki. Madaktari hawakuweza kusema hakuna kitu, maana mizoga ilikuwepo. Kwa hiyo huko Muguga, karibu na Nairobi, Dokta Walter Plowright na wenzake walifanya kazi miaka kadhaa, na mnamo mwaka 1960 wakapata chanjo nyingine iliyokuzwa katika chupa, isiyomwumiza ng'ombe wa namna yo yote, hata ndama na wenye mimba. Kwa chanjo hiyo sotoka ilifukuzwa nchi baada ya nchi. Mara ya mwisho ilionekana hapa Kenya katika nyati wa Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa haina sotoka tena. Mimi naona malalamiko yale ya wenye ng'ombe wa gredi yana sehemu yao katika ushindi huo, ingawa vitabu havitaji jina la hata mmoja wao.

KUHESABU PANDE ZOTE MBILI

Sasa turudi kwa ng'ombe mwenye mimba ya miezi saba. Tuseme amechomwa chanjo ya midomo na miguu Jumatatu, na Alhamisi ametupa mimba. Je, ni sindano?

Hapa ndipo penye ugumu. Ng'ombe hutupa mimba kwa sababu nyingi. Uko ugonjwa wa brusela, ambao umo katika nchi yetu na huambukiza hata watu kwa maziwa mabichi. Yuko ng'ombe aliyepigwa pembe, aliyekosa malisho wakati wa kiangazi, aliyekula kitu kibaya. Yuko aliyekimbizwa na vijana wanne na mbwa wawili ili ashikwe achomwe, akabanwa juu ya uzio, akaanguka. Huyu wa mwisho ametupa mimba kwa sababu ya siku ya chanjo, lakini si kwa sababu ya dawa. Ukichukua ng'ombe wengi wenye mimba, wako watakaotupa wiki hiyo hata kama hakuna mtu aliyewagusa. Ikiwa wiki hiyo ndiyo ya chanjo, kila mmoja atasema ni chanjo. Nami ningesema hivyo.

Njia ya kujua ni moja tu: kuhesabu pande zote mbili. Waliochanjwa wangapi walitupa, na wasiochanjwa wangapi walitupa, wakati ule ule na mahali pale pale. Mtu mmoja mwenye ng'ombe watatu hawezi kufanya hesabu hiyo, wala daktari mmoja. Lakini imefanywa, tena hapa hapa kando ya ziwa letu, na si kwa ng'ombe bali kwa watoto wetu. Wengi wenu mmeishi katikati ya hesabu hiyo bila kuambiwa habari yake, na kwa hiyo nataka kuieleza kwa urefu.

Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwanza kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, kuanzia mwaka 2009 hata mwaka 2014. Kombewa na Siaya palikuwa miongoni mwa mahali hapo. Ilionekana kwamba inapunguza malaria, ingawa haiizuii yote. Lakini katika hesabu walikuta mambo matatu ya kutia mashaka. Watoto waliopata ugonjwa wa uti wa mgongo walikuwa wengi zaidi upande wa waliochanjwa. Malaria ya kupanda kichwani nayo ilionekana zaidi upande huo. Tena wasichana waliochanjwa walionekana kufa zaidi kuliko wasiochanjwa, na kwa wavulana haikuwa hivyo. Je, ni chanjo, au ni bahati tu ya hesabu ndogo? Hakuna aliyeweza kusema.

Basi Shirika la Afya la Ulimwengu halikusema chanjo itumike kila mahali, wala halikusema itupwe. Likaagiza ijaribiwe kwa upana zaidi katika nchi tatu, Malawi, Ghana na Kenya. Kwetu ilianza tarehe 13 Septemba 2019 huko Homa Bay, na ilikuwa kwa kaunti nane za magharibi: Homa Bay, Kisumu, Migori, Siaya, Busia, Bungoma, Vihiga na Kakamega. Katika kaunti hizo sehemu nyingine zilipata chanjo mara moja, na sehemu nyingine zilingoja. Kisha magonjwa na vifo vya watoto vikahesabiwa pande zote mbili, za waliopata na za waliongoja.

Ubishi haukukosekana. Mwaka 2020 iliandikwa katika gazeti la madaktari la Uingereza kwamba akina mama hawakuelezwa vya kutosha juu ya yale mashaka matatu, na kwamba hilo si haki. Shirika lilijibu kwamba chanjo ilitolewa pamoja na chanjo za kawaida za zahanati, na mama aliyemleta mtoto wake baada ya kuelezwa ameonyesha kwamba amekubali. Mimi si daktari. Lakini nikiulizwa kama mzazi, nasema waliosema hivyo walikuwa na neno la kusikilizwa. Mama wa Homa Bay aweza kufahamu hesabu ya pande mbili kama mtu mwingine ye yote. Anahesabu kuku wake kila jioni.

Hesabu ikaja. Baada ya miaka miwili, yale mashaka matatu hayakuonekana tena: uti wa mgongo haukuzidi upande wa waliochanjwa, wala malaria ya kichwani, wala vifo vya wasichana. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya likasema chanjo itumike kwa watoto wa Afrika penye malaria. Na hesabu ilipoendelea miaka minne, ilionekana kwamba vifo vya watoto wa umri huo kwa sababu zote, isipokuwa ajali, vilipungua kwa asilimia 13 mahali palipokuwa na chanjo. Kitu kimoja kilibaki, nacho husemwa waziwazi: mtoto aweza kupata homa baada ya sindano, na mara chache homa hiyo huleta degedege katika siku saba za kwanza.

Dada yangu ameolewa upande wa Homa Bay, na mtoto wake alikuwa katika watoto wa mwanzo. Muuguzi alimwambia mapema, "Mama, usiku huu aweza kuchemka. Mpunguzie nguo, mpe dawa hii, na ukiona anashtukashtuka mlete mara moja." Usiku ule mtoto alichemka kweli. Dada yangu aliniambia kwamba hakulala, lakini hakuogopa, kwa sababu jambo lilikuja kama lilivyosemwa. Jirani yake, ambaye siku ya kuchanjwa alihudumiwa haraka haraka bila maneno, aliona homa ile ile, na hakumrudisha mtoto wake kwa sindano ya pili.

KUKU WANGU

Msije mkadhani kwamba mimi ni mtu wa kupenda sindano tu. Kwa miaka miwili nilikuwa adui wa chanjo, na nyumbani kwangu hapakuwa na ruhusa ya kuitaja.

Nilikuwa na kuku 34. Nikasikia kideri kimeingia kwa jirani wa pili. Nikaenda mjini nikanunua kichupa cha chanjo ya matone ya jicho, nikakitia katika mfuko wa koti, nikapanda matatu. Siku ile jua lilikuwa kali, na matatu ilingoja kujaa zaidi ya saa moja. Aliyeniuzia hakuniambia neno juu ya barafu, nami sikumwuliza. Nilifika nyumbani jioni, nikawatia kuku matone. Siku ya tatu wakaanza kupinda shingo na kuharisha kijani, na wiki ilipokwisha nilibaki na kuku watano. Nikasema kila mahali kwamba dawa imewaua.

Mwaka wa tatu nilipomhadithia daktari mmoja wa mifugo, aliniuliza maswali mawili tu. Kichupa kilikaa wapi? Na jirani wa karibu yangu, kuku wake walikuwaje siku ile? Hapo nikanyamaza, maana nilikumbuka kwamba kuku wa jirani wa karibu walikuwa wamekwisha anza kusinzia. Chanjo ile ni ya vijidudu vilivyo hai, navyo jua huviua. Nilitia macho ya kuku wangu maji matupu. Tena kideri chenyewe kilikuwa kimekwisha ingia bandani mwangu, na hata chanjo nzima isingewaokoa wale waliokuwa nacho mwilini. Nilikuwa nimeisingizia chanjo ambayo kwa kweli sikuwa nimewapa. Naandika haya kwa aibu kidogo, maana nina cheti cha ualimu.

UULIZE NINI SIKU YA CHANJO

Kabla ng'ombe wako hajachomwa, sema habari zake. Sema ana mimba ya miezi mingapi. Sema kama jana hakula, kama ana homa, kama ametoka kuzaa. Mnyama mgonjwa asichanjwe, angoje apone. Ng'ombe wa mimba kubwa mlete polepole kwa kamba, asubuhi, usimkimbize, wala usimwingize katika kibanio cha mbao pamoja na fahali. Kama kazi ni kubwa mno, yafaa umwombe daktari aje nyumbani kwa huyo mmoja, au amwache mpaka azae.

Uliza jina la chanjo, na ya ugonjwa gani. Omba kuona kijisanduku: chupa za midomo na miguu na nyingine nyingi lazima zikae katika baridi ya digrii 2 hadi 8, na barafu yake iwe bado barafu, si maji ya kunawa. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Tazama sindano pia, maana majipu mengi yanayosemwa ni ya chanjo hutoka katika sindano chafu, na sindano moja ikipita ng'ombe 40 yaweza kuhamisha magonjwa ya damu kutoka kwa mmoja hata kwa mwingine. Mchanjaji akikasirika kwa kuulizwa, basi huyo amekujibu.

Kisha andika. Chukua daftari la mtoto la shule, andika siku, jina la ng'ombe, jina la chanjo, na namba ya fungu iliyo juu ya chupa. Namba hiyo ni ndogo, lakini ndiyo itakayoonyesha kama chupa za fungu moja zimeleta shida katika mashamba kumi tofauti. Jambo lo lote likitokea katika wiki mbili, peleka habari kwa ofisi ya mifugo ya wadi yako, hata kama unadhani ni dogo. Kama ng'ombe ametupa mimba, usishike kilichotupwa kwa mikono mitupu wala usiwape mbwa, kwa sababu ya ile brusela. Mwite daktari achukue kipimo. Ukinyamaza na kuwaambia majirani tu, ng'ombe wako ataingia katika uvumi, lakini hataingia katika hesabu.

Na usisahau upande wa pili wa hesabu, yaani ugonjwa wenyewe. Ng'ombe mwenye midomo na miguu hutoka vidonda ulimini na kwatoni. Hali, hatembei, maziwa hukauka, na wengine hutupa mimba kwa homa. Ndama wadogo hufa ghafula kwa kushikwa moyo. Dume la kulimia haliwezi kuvuta jembe, na mvua haitalingoja. Soko hufungwa. Tena chanjo hii si ya mara moja: kinga yake hupungua baada ya miezi sita hivi, na vijidudu vya ugonjwa huu ni vya namna nyingi, kwa hiyo ng'ombe aliyechanjwa mara moja tu miaka miwili iliyopita asihesabiwe kuwa amechanjwa.

MZEE NA DAFTARI LAKE

Daktari alifika saa sita na nusu, mikono yake ikiwa na grisi. Mzee aliuliza swali lake tena, neno kwa neno. Daktari hakumzungusha. Alimwambia kwamba chanjo ya siku ile ni ya vijidudu vilivyokufa, haijulikani kwa kutupa mimba, lakini kwa ng'ombe wa miezi saba hatari kubwa ni kule kumshika na kumbana. Akamwambia pia kwamba yeye hana karatasi ya kumwahidi malipo ya ndama, na mtu akimwahidi malipo kwa mdomo tu asimwamini.

Mzee alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Wewe angalau hukunidanganya." Akaleta ng'ombe wawili na dume la kulimia wachomwe. Yule wa miezi saba alimwacha nyumbani, afungwe mbali na wengine mpaka azae.

Nilipokuwa nafunga daftari langu, alinifuata, akatoa mfukoni kitabu kidogo cha mahesabu ya miwa, akakifungua kwenye ukurasa usioandikwa. "Mwalimu," akasema, "macho yangu hayaoni maandishi madogo. Niandikie hapa ile namba ya chupa." Nikamwandikia, na chini yake nikaandika majina ya ng'ombe wake watatu kama alivyoyataja, na tarehe. Akaniambia niongeze na la yule wa nne, aliyebaki nyumbani, nikaandika mbele yake: hakuchomwa.